Ualimu wa Kilimo si Adhabu

Nikisema nataka kuwa mwalimu wa kilimo, wenzangu hucheka: "Usome miaka yote hiyo halafu urudi kwa jembe?" Si ajabu, maana shuleni jembe tumelijua kama adhabu. Hebu niwaeleze njia yenyewe.

Kwanza ni KCSE. Kusomea shahada huhitaji angalau C+ ya jumla. Nayo Tume ya Huduma kwa Walimu (TSC), inayosajili walimu, hutaka C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Kwa hivyo usiicheze biolojia!

Pili ni chuo. Chukua mfano wa Egerton, kule Njoro, kilichoanza mwaka wa 1939 kama shule ya ukulima na kuwa chuo kikuu 1987. Shahada ya elimu ya kilimo huchukua miaka minne. Mwanafunzi husoma udongo, mimea, mifugo na uchumi wa shamba. Tena husomea ualimu wenyewe: saikolojia, kuandaa somo na kutunga mtihani. Halafu hupelekwa shuleni kufundisha, mkaguzi akiwa ameketi nyuma ya darasa, kalamu mkononi.

Mbona mafunzo yote hayo? Ni kwa sababu mwalimu wa hesabu akikosea hufuta ubao. Wa kilimo akikosea wakati wa kupanda, msimu umekwenda, na mwanafunzi atalipeleka kosa hilo hadi shamba la wazazi wake. Ndiyo maana nasema kazi hii yataka msomi. Mimi nimeshachagua. Je, wewe?