Paka anaharibu fotei: makucha yanakatwa ncha tu

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Butembo, paka anafugwa kwa kazi moja: kukamata panya wanaotoboa mifuko ya unga na maharagwe. Shida inaanza siku familia inapoweka fotei mpya katika saloni. Baada ya wiki chache kitambaa kimechanika pembeni, sponji inaonekana, na baba mwenye nyumba anataka paka aondoke. Akiondoka, panya wanarudi.

Wengi wanaona ni ukaidi wa mnyama. Sivyo. Paka anakwaruza ili ganda la zamani la ukucha litoke na ukucha mkali ubaki. Anakwaruza pia ili anyooshe mgongo na miguu, hasa akiamka, na ili aache harufu yake, kwani chini ya nyayo zake kuna tezi zinazotoa harufu hiyo. Kumpiga hakumfundishi kitu. Anangoja tu watu watoke.

Paka ana makucha 18: matano kwa kila mguu wa mbele, manne kwa kila mguu wa nyuma. Yale ya mbele ndiyo yanaharibu viti. Katika mwanga wa mchana, ukucha wa paka unaonyesha sehemu mbili. Ndani, karibu na kidole, kuna sehemu ya rangi ya waridi yenye damu na mishipa ya maumivu. Mbele yake kuna ncha nyeupe, iliyopinda kama ndoano, isiyo na maumivu. Inayokatwa ni ncha hiyo peke yake, milimita moja au mbili. Kama makucha ni meusi na ndani hakuonekani, inakatwa ile ndoano nyembamba ya mwisho, basi.

Kazi inakuwa rahisi paka akiwa ameshiba na anasinzia. Mtu mmoja anamfunga taratibu katika kitenge au taulo, mwingine anashika mguu na kubonyeza kidole polepole mpaka ukucha utokee. Kupongle ya watu inatosha, mradi iwe kali. Butu inapasua ukucha. Wembe na kisu havifai hata kidogo: paka akishtuka, anakatwa kidole, au wewe. Akianza kukasirika, aachwe. Makucha mawili leo na matatu kesho ni sawa. Kazi inarudiwa kila wiki mbili au tatu hivi. Ukucha wa ndani, ule unaofanana na kidole gumba, usisahauliwe: haugusi chini, unaweza kukua ukajipinda mpaka kuingia katika nyama, hasa kwa paka mzee.

Damu ikitoka, ncha ya ukucha inabanwa kwa unga wa mahindi au kitambaa safi kwa dakika chache.

Kuna wanaofikiri ni heri kung'oa makucha yote, kazi iishe. Kufanya hivyo ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Nchi nyingi za Ulaya zinakataza upasuaji huo, na mwaka 2019 New York ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kuukataza. Kwa paka wa kwetu, anayetoka usiku, hasara ni kubwa zaidi: bila makucha hapandi ukuta mbwa wakimfukuza, na panya wanamponyoka. Hata kukata ncha, kwa paka anayelala nje, kufanywe kidogo na kwa miguu ya mbele tu.

Ncha ikikatwa, hamu ya kukwaruza inabaki. Kwa hiyo apewe mahali pake: ubao au gogo lenye urefu wa karibu mita moja, lililofungwa gunia la kahawa au kamba ya katani, limesimama imara bila kuyumba. Likiyumba, hataligusa tena. Liwekwe karibu kabisa na fotei aliyoizoea, si nyuma ya nyumba, na fotei ifunikwe kitambaa laini kwa siku za kwanza. Akizoea gogo, linaweza kusogezwa pole pole hadi pembeni.

Anayekwaruzwa wakati wa kazi hii aoshe kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni. Kama paka hajachanjwa na amebadilika tabia ghafla, asiguswe. Na aliyekwaruzwa aoshe kwa dakika 15, kiisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwani paka pia anaambukiza kichaa cha mbwa.