Damu Ghalani: Jinsi Tabia ya Bidhaa Inavyopanga Safari na Akiba Yake

Mpango wa kuhifadhi na kusafirisha bidhaa yoyote hutokana kwanza na bidhaa yenyewe: inadumu muda gani kabla ya kuharibika, ina uzito gani ikilinganishwa na thamani yake, mahitaji yake yanatabirika kwa kiasi gani, na ni hasara gani inayotokea ikikosekana. Karafuu ya Pemba ikishakaushwa vizuri hukaa ghalani muda mrefu ikingoja bei au meli, na kwa kuwa ni nyepesi na ina thamani kubwa, nauli ya kuivusha bahari haiimalizi faida. Saruji ni kinyume chake, kwani mfuko wa kilo 50 ni mzito ukilinganishwa na thamani yake, nauli humega faida kwa kila kilomita inayoongezeka, na unyevu huigandisha ingali mfukoni, ndiyo maana viwanda vyake hujengwa penye mawe ya chokaa na karibu na wajenzi, kama kile cha Wazo Hill jijini Dar es Salaam. Bidhaa ambayo ndani yake mambo haya yote hugongana ni damu ya kuongezewa wagonjwa, na inasikitisha kwamba mjadala wake huishia mara nyingi kwenye uchache wa wachangiaji, kana kwamba mfuko ukishajazwa kazi imekwisha.

Damu ya mchangiaji mmoja, ambayo kwa kawaida ni kiasi cha mililita 450, inaweza kuzungushwa kwa kasi katika mashine inayotenganisha vitu kwa uzito wake, na kutoka humo zikapatikana bidhaa tatu zisizofanana hata kidogo. Chembe nyekundu, zinazobeba oksijeni, hukaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi kwa siku 35 hadi 42, kutegemea kimiminika cha kuhifadhia kilichotiwa mfukoni. Plazima, yaani maji ya damu yenye protini zinazosaidia kugandisha, hugandishwa chini ya nyuzi 18 hasi na kudumu mwaka mzima. Chembe sahani, zinazoziba majeraha, hukataa baridi kabisa, kwa sababu zikipoa hubadilika umbo na ini huziondoa upesi katika mzunguko wa mgonjwa. Hivyo hutunzwa kwenye nyuzi 20 hadi 24, zikitikiswa bila kukoma, na kwa kuwa joto hilo linawafaa pia bakteria, muda wake kwa kawaida ni siku 5 tu. Hata hizo siku 5 si kamili, maana sehemu yake huliwa na vipimo vya Virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, ambavyo lazima vikamilike kabla mfuko haujatoka benki ya damu.

Kwa hiyo mtunza ghala anayetumia kanuni moja kwa bidhaa zote tatu atakosea angalau mara mbili. Plazima inaweza kuagizwa kwa wingi na kwa nadra, kama inavyoagizwa bidhaa ya kawaida, lakini chembe sahani hazina maana ya kulimbikizwa, na mpango wake hauna budi kufuata orodha ya wagonjwa wa siku chache zijazo. Utaratibu wa kilichoingia kwanza kutoka kwanza nao hautoshi, kwa kuwa mfuko uliofika leo kutoka kituo kingine unaweza kuwa mzee kuliko ule uliofika wiki iliyopita. Kinachofuatwa ni tarehe ya mwisho wa matumizi, yaani kilicho karibu kuisha muda ndicho kitoke kwanza.

Ugumu huongezeka kwa sababu ya makundi ya damu. Chembe nyekundu za kundi O hasi zinaweza kupewa karibu kila mgonjwa wakati wa dharura, lakini wenye kundi hilo ni wachache sana katika Afrika Mashariki, na hospitali ndogo ya wilaya hukaa njia panda: ikiweka mifuko kadhaa, huenda ikaisha muda bila mgonjwa kutokea, na isipoweka, mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki kabla gari halijarudi kutoka mjini. Hasara ya kutupa inapimika kwa fedha, ile ya kukosa haipimiki, na ndiyo maana hospitali nyingi huagiza kupita kiasi, uamuzi unaoeleweka kabisa ukiutazama ukiwa ndani ya hospitali moja, ila unaoumiza nchi nzima.

Njia ya kutoka hapo iko katika hesabu ya takwimu. Tuseme hospitali 16 zinaweka kila moja mifuko 4 ya tahadhari, yaani akiba inayozidi mahitaji ya wastani ili kukabili siku mbaya. Jumla ni mifuko 64. Mahitaji ya hospitali hizo yakiwa yanapanda na kushuka kwa kiwango kimoja, na bila kufuatana, siku mbaya ya moja huangukia siku ya utulivu ya nyingine, na akiba inayohitajika ikiwekwa pamoja hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya hospitali, si kwa idadi yenyewe. Kipeuo cha pili cha 16 ni 4, kwa hiyo mifuko 16 katika ghala moja hutoa kinga ileile iliyotolewa na mifuko 64 iliyotawanywa. Sharti lake ni moja, nalo ni zito: mzigo uweze kufika hospitalini kabla mgonjwa hajazidiwa.

Rwanda ilitimiza sharti hilo kuanzia Oktoba 2016, serikali yake iliposhirikiana na kampuni ya Zipline kurusha ndege zisizo na rubani kutoka Muhanga, zinazodondosha kifurushi kwa mwavuli katika uwanja wa hospitali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet Global Health ulionyesha kwamba damu iliyoisha muda hospitalini ilipungua kwa asilimia 67 baada ya miezi 12. Sifa nyingi zimeiendea ndege, ilhali mafanikio hayo yametokana pia na wepesi wa mfuko wa damu, unaobebeka angani, na ufupi wa maisha yake, unaofanya akiba ya pamoja iwe na thamani kubwa kuliko nauli. Kwa saruji, mpango huohuo ungekuwa upotevu mtupu.

Hesabu ya kipeuo hudhoofika, hata hivyo, mahitaji yanapopanda pamoja. Msimu wa mvua huongeza malaria kali, na watoto wenye upungufu wa damu hujaa wodini mkoa baada ya mkoa. Nayo likizo ya shule huondoa wanafunzi wa sekondari, ambao ni nguzo ya uchangiaji katika nchi nyingi za ukanda huu.

Mkondo mwingine wa utafiti hauibadilishi njia bali bidhaa. Mwaka 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu chembe sahani zilizotunzwa kwenye baridi zitumike hadi siku 14 kwa wagonjwa wanaovuja damu, pale zile za kawaida zinapokosekana, kwa kuwa anayevuja anahitaji jeraha lizibwe sasa, si chembe zidumu mwilini. Nchini Ufaransa jeshi hutengeneza plazima ya unga, inayodumu miaka 2 bila friza na kuchanganywa na maji kwa dakika chache, na bidhaa ya namna hiyo inaweza kukaa hata katika kituo cha afya kisicho na umeme wa uhakika. Lakini plazima haibebi oksijeni, na chembe nyekundu hadi sasa hazijapata njia ya kukaushwa zikafaa matumizi ya kawaida ya hospitali, kwa hiyo kwa hizo jokofu na usafiri wa haraka vitaendelea kuwa sehemu ya dawa yenyewe.