Mkono wa Ikulu Ndani ya Tamthilia za Marekani

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya Marekani imeitazama televisheni kama silaha katika vita vyake dhidi ya dawa za kulevya, na kwa muda mrefu ilifanya hivyo mchana kweupe. Mwaka 1970 Ikulu ya Rais Richard Nixon iliwaita watayarishaji wa vipindi na kuwahimiza wayaingize madhara ya dawa hizo katika hadithi zao. Mwaka 1983 Nancy Reagan, mke wa Rais Ronald Reagan, alijitokeza yeye mwenyewe katika mfululizo wa vichekesho wa Diff'rent Strokes na kuzungumza na wanafunzi juu ya suala hilohilo. Mtazamaji aliyemwona mke wa rais kwenye kioo alijua fika ni nani anayesema na anataka nini, hivyo alibaki huru kukubali au kukataa. Kilichofanyika mwishoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa cha namna nyingine, kwa kuwa serikali ilijificha nyuma ya wahusika wa kubuni.

Chanzo chake kilikuwa sheria ya fedha. Mwaka 1997 Bunge la Marekani liliidhinisha kampeni ya kuwakinga vijana na dawa za kulevya, iliyokusudiwa kutumia takriban dola bilioni 1 katika miaka 5, na kuikabidhi kwa Ofisi ya Sera ya Taifa ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya, idara ya Ikulu iliyokuwa ikiongozwa na jenerali mstaafu Barry McCaffrey. Sharti lilikuwa kwamba kwa kila tangazo ambalo serikali imelilipia, kampuni ya televisheni itoe bure nafasi nyingine ya thamani ileile kwa ajili ya ujumbe wa manufaa kwa umma. Kampuni zilikubali, lakini muda si mrefu biashara ikachangamka, kampuni za intaneti zikaanza kugombea nafasi za matangazo, bei zikapanda, na kila sekunde iliyotolewa bure ikawa hasara.

Ndipo ulipopatikana mwafaka ambao umma haukuelezwa. Badala ya kutoa nafasi za bure, kampuni ingeweza kuwasilisha kipindi cha tamthilia chenye ujumbe unaopinga dawa za kulevya, na kipindi hicho kikahesabiwa kuwa sehemu ya deni lake: cha nusu saa kilithaminiwa sawa na matangazo 3 ya sekunde 30, na cha saa nzima sawa na matangazo 5. Tuseme nafasi moja ya sekunde 30 inauzwa kwa dola 200,000. Kipindi kimoja cha saa nzima kingefuta deni la dola milioni 1, na nafasi zilizokombolewa zingeuzwa upya kwa watengenezaji wa magari au vinywaji. Hakuna bahasha iliyotoka serikalini kwenda kwa mtunzi, kwa kuwa deni lilisamehewa tu katika vitabu vya hesabu, na hapo ndipo penye ugumu wa kuuona ushawishi wa aina hii.

Mwandishi wa habari Daniel Forbes aliufichua mpango huo Januari 2000 katika jarida la intaneti la Salon, akizitaja tamthilia zilizopendwa mno, zikiwemo ER, Beverly Hills 90210 na Chicago Hope. Baadhi ya miswada ya vipindi ilifika mikononi mwa maofisa kabla ya kurushwa hewani, na wapo watunzi na watayarishaji waliokuwa hawajui kabisa kwamba kazi zao zinapimwa kwa kipimo hicho. Katika Smart Guy, mfululizo wa vichekesho uliowalenga vijana, wahusika waliotumia vilevi kwenye sherehe walikuwa wameandikwa kama vijana wanaopendwa na wenzao. Baada ya ushauri wa ofisi hiyo, wakageuzwa kuwa watu wa kudharauliwa waliojificha chumbani. Badiliko hilo laweza kuonekana dogo, lakini kinachoamuliwa hapo ni nani apendwe na nani adharauliwe, na huo ndio moyo wa utunzi wenyewe.

Ofisi ya McCaffrey ilijitetea kwamba hakuna kampuni iliyolazimishwa na kwamba uamuzi wa mwisho ulibaki kwa wasanii, kisha, siku chache baada ya habari kutoka, ikatangaza kuwa haitapitia tena miswada kabla ya vipindi kuonyeshwa. Utetezi huo hautoshi. Hiari inayoambatana na mamilioni ya dola si hiari kamili, na hata kama ujumbe ni wa kweli, kama ilivyo kweli kwamba dawa za kulevya huangamiza maisha, mtazamaji ana haki ya kumjua anayeugharimia.

Haki hiyo imo katika sheria ya mawasiliano ya Marekani, inayokitaka kituo kimtaje mdhamini wa kinachorushwa kwa malipo. Shirika la wanaharakati wanaotetea kuhalalishwa kwa bangi lilipeleka malalamiko kwa Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, ambayo Desemba 2000 ilisema udhamini ulipaswa kutajwa, ingawa haikutoza faini yoyote. Mwaka 2005 ofisi ya Bunge inayokagua matumizi ya serikali ilibaini kwamba ofisi ileile ya Ikulu ilikuwa imetengeneza na kusambaza habari za televisheni zilizosomwa kana kwamba ni kazi ya waandishi wa kawaida, ikaziita propaganda ya siri.

Kuhusu manufaa ya kampeni kwa jumla, tathmini ndefu iliyogharimiwa na serikali yenyewe haikupata ushahidi kwamba matangazo yake yalipunguza matumizi ya bangi miongoni mwa vijana. Watafiti walipata hata dalili za kinyume chake, nao wakatoa maelezo yanayowezekana, kwamba kijana anayeonywa kila jioni huanza kuamini kuwa wenzake wengi wanavuta.