Swichi ya Mtandao na Waya Wake

Umeme wa gridi ya taifa ulifika huku Kasulu na Kibondo mwaka 2022. Basi huenda siku moja kamati ya shule yenu itawaomba mchango wa kuunganisha kompyuta zake ziwe na mtandao mmoja. Fedha hiyo ni ya mahindi na maharage yenu. Yafaa mjue inakwenda wapi.

Chombo cha kuunganisha huitwa swichi. Si ile ya taa ukutani. Ni kisanduku chenye matundu 5, 8, 16, 24 au hata 48, na kila kompyuta huvutiwa waya wake mpaka tundu lake. Kazi yake yafanana na ya karani wa posta: hushika namba ya kila kompyuta na tundu lake, kisha barua ya mmoja humpelekea huyo mmoja. Vyombo vya zamani viliwapigia kelele wote. Swichi nyingine hupeleka hata umeme kwa waya ule ule, zikaendesha kamera. Hizo ni ghali, msizinunue bila haja.

Lakini fedha hupotelea kwenye waya. Ndani mna nyuzi 8, zimesokotwa mbili mbili. Nazo ziwe za shaba tupu, maana madukani upo waya wa alumini uliopakwa shaba juu, mwepesi na rahisi, ambao hukatika upesi. Kwangueni uzi kwa kisu. Ukionekana mweupe ndani, rudisheni. Waya usizidi meta 100 toka swichi mpaka kompyuta. Tena mtu asichomeke ncha zote mbili za waya mmoja katika swichi ile ile: kwenye swichi za bei ndogo habari huzunguka bila kikomo, na mtandao wote husimama.

Sasa adui wetu sisi watu wa milimani: radi. Waya wa shaba uliovutwa toka darasani hadi ofisi ya mwalimu mkuu hubeba nguvu ya radi, hata ikipiga jirani tu, ukaunguza swichi na kompyuta zilizoshikana nayo. Kuzima swichi hakutoshi, maana njia ya radi ni waya wenyewe. Kati ya nyumba na nyumba wekeni waya wa nyuzi za kioo usio na chuma ndani. Huo hupitisha mwanga, hauchukui umeme. Kabla ya kulipa, mwulizeni muuzaji kama swichi yake ina tundu la waya huo. Bei ikiwashinda, kompyuta zote zikae katika nyumba moja.