Nyasi Kavu za Sungura: Jinsi ya Kuzinunua na Kuziweka

Katika nyumba nyingi za Kianjokoma, kama ilivyo katika sehemu nyingine za miteremko ya Mlima Kenya, sungura huwa ndiye mnyama wa kwanza ambaye mtoto hupewa amtunze mwenyewe. Ni mnyama mpole, hahitaji shamba, na kizimba chake chatosha pembeni mwa nyumba. Lakini mvua za Machi zikianza, pengine sungura huyo huonekana amekaa kimya katika pembe ya kizimba, tumbo limevimba, hataki kula. Na baada ya siku moja au mbili amekufa. Watu wa nyumbani husema ameuawa na baridi.

Baridi si adui mkubwa wa sungura mzima aliyewekwa pakavu, kwa sababu ana manyoya ya kumkinga. Adui zake wawili wakubwa ni majani mabichi yaliyolowa na nyasi kavu zilizoota kuvu. Kwa hiyo yafaa kila mwenye sungura mpya ajue jinsi ya kuchagua nyasi kavu, na jinsi ya kuziweka zisiharibike katika nchi hii yenye mvua nyingi na ukungu.

KWA NINI NYASI KAVU?

Mtu wa Kianjokoma aweza kuuliza: “Mbona ninunue nyasi, na hapa kwetu majani hayakauki mwaka mzima?” Swali hilo ni la haki. Kando ya mashamba ya chai na kahawa majani ni tele. Lakini majani mengi si sawa na majani yanayofaa, na sababu yake imo katika mwili wa sungura mwenyewe.

Kwanza, meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Meno ya mbele hukua zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka, na kinachoyapunguza ni kutafuna. Majani laini hutafunwa kidogo tu na kumezwa, lakini nyasi kavu hutafunwa sana, na ndiyo maana husaga meno vizuri. Sungura asiyepata nyasi za kutosha aweza kuota meno marefu yanayomchoma ulimi na mashavu, mpaka ashindwe kula.

Pili, katika matumbo ya sungura kuna kifuko kikubwa ambamo vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho huchachusha chakula. Ufumwele wa nyasi, yaani zile nyuzi ngumu za majani, ndio unaoendesha matumbo na kuviweka vijidudu hivyo katika hali njema. Hatimaye sungura hutoa vidonge laini, hasa usiku au alfajiri, akavila tena moja kwa moja ili apate faida yote iliyomo. Mtoto akiona jambo hilo asishangae wala asimzuie. Ndivyo sungura alivyoumbwa.

Tena sungura hawezi kutapika. Akila kitu kibaya, ni lazima kipite matumbo yote. Matumbo hayo yakisimama, hewa hujaa tumboni na maumivu huwa makali. Sungura asiyekula tangu asubuhi hadi jioni, na asiyetoa mavi, ni mgonjwa wa hatari. Apelekwe upesi kwa ofisa wa mifugo, isingojewe kesho.

NYASI ZIPI ZINAFAA?

Nyasi kavu nzuri ni nyasi zilizokatwa zikiwa bado na majani mengi, karibu na wakati wa kuchanua maua, kisha zikakaushwa juani. Zinazopatikana sana kwa wauzaji wa Kenya ni zile ziitwazo boma Rhodes. Nyasi za Rhodes asili yake ni Afrika, ingawa zimepewa jina la Cecil Rhodes, aliyezipanda katika shamba lake huko Afrika ya Kusini mwishoni mwa karne ya 19. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, ilianza kazi yake kwa mbegu za nyasi za malisho kabla ya kujulikana kwa mbegu za mahindi. Siku hizi marobota ya nyasi hizo hutoka hasa katika nchi kavu zaidi kama Laikipia na upande wa Timau, yakaletwa kwa malori hadi Embu na Runyenjes.

Lakini si kila robota ni la nyasi. Kutoka mashamba ya mpunga ya Mwea huja marobota ya mabua, yaani mashina yanayobaki baada ya mpunga kupurwa. Kwa mbali mabua hayo hufanana na nyasi, na bei yake huvutia. Ng'ombe aweza kuyala pamoja na chakula kingine, bali kwa sungura nguvu yake ni ndogo mno. Yafaa yawe matandiko ya kizimba, yasiwe chakula chake. Mnunuzi ayatambue kwa rangi yake ya manjano, mashina yake matupu yasiyo na majani mengi, na vishuke vilivyokwisha kupurwa.

Lusini iliyokaushwa nayo ni chakula chenye nguvu. Yafaa kwa sungura mchanga wa chini ya miezi sita na kwa jike anayenyonyesha. Lakini sungura mzima asipewe kila siku, kwa sababu lusini ina chokaa nyingi, na chokaa hiyo yaweza kuganda katika kibofu chake cha mkojo.

KUNUNUA KWA MACHO, PUA NA MKONO

Mnunuzi asilipe kabla ya kuhakikisha mambo haya:

1. Rangi. Nyasi njema zina rangi ya kijani iliyofifia. Zilizogeuka manjano zimechomwa sana na jua na zimepoteza nguvu, ingawa si sumu. Zenye madoa meusi, meupe au ya kijivu zimeota kuvu, ziache.

2. Harufu. Ingiza mkono katikati ya robota, uvute kishungi na kukinusa. Harufu iwe tamu ya majani makavu. Ikiwa ni ya uvundo, kama ya nguo iliyokunjwa mbichi, usinunue. Harufu ya moshi au ya sukari iliyoungua ni alama kwamba nyasi zilipata moto ndani kwa ndani.

3. Ukavu. Sokota kishungi kwa mikono miwili. Mashina yakivunjika kwa mlio, nyasi zimekauka. Yakipindika tu kama kamba, bado zina maji.

4. Uzito. Robota dogo zito kupita mengine ya ukubwa ule ule, huenda likawa limelowa. Tena marobota hayalingani. Moja laweza kuwa na kilo 10 na jingine kilo 15. Afadhali kununua kwa mizani kuliko kwa hesabu ya marobota.

5. Vumbi na takataka. Kung'uta kishungi. Vumbi likipanda kama moshi, ni vumbi la kuvu au la udongo, nalo hudhuru mapafu ya sungura na ya mtoto anayemlisha. Tazama pia kama kuna miiba, vipande vya waya, karatasi za nailoni au kinyesi cha panya.

Muuzaji mwema hatakataa robota lifunguliwe kidogo upande mmoja. Anayekataa, mwache ukatafute mwingine.

MAJI NDIYO MHARIBIFU

Mkulima wa chai anajua ya kuwa majani mabichi yakishindiliwa katika gunia na kuachwa, hupata joto na kuwa mekundu. Mkulima wa kahawa anajua kwamba kahawa hutandazwa juu ya meza za waya, hufunikwa umande unapoanguka, na haiwekwi stoo mpaka ikauke barabara. Nyasi zina sheria ile ile. Zikifungwa hali zina maji mengi, vijidudu na kuvu huanza kuzila, joto huongezeka ndani ya robota, na katika ghala kubwa lenye marobota mengi mabichi moto waweza kuwaka wenyewe. Kwa kawaida nyasi za kuwekwa zisiwe na maji zaidi ya sehemu 15 katika kila 100 za uzito wake.

Kuvu si jambo la kudharauliwa. Mwaka 2004, katika nchi ya Ukambani na jirani zake, mahindi yaliyowekwa na unyevu yaliota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini. Watu zaidi ya 300 waliugua, na 125 kati yao wakafa. Nyasi si mahindi, na kuvu zake si lazima ziwe zile zile. Lakini fundisho ni moja: chakula kilichoota kuvu hakiponi kwa kuanikwa juani. Jua hukausha maji, haliondoi sumu. Kwa hiyo nyasi zilizoota kuvu zitupwe katika shimo la mbolea, wala asipewe sungura kwa kuhurumia fedha.

KUWEKA NYASI NYUMBANI

Anayefuga sungura mmoja hahitaji ghala. Yamtosha mahali padogo penye paa lisilovuja. Lakini azishike sheria hizi:

Robota lisikae chini. Sakafu ya udongo hutoa unyevu, na hata ile ya saruji hutoa, hasa miezi ya Juni hadi Agosti wakati wa ukungu na baridi. Weka vipande vya mbao au fito, ili hewa ipite chini yake. Kadhalika robota lisiegemee ukuta; acha nafasi ya upana wa kiganja.

Usilifunge katika karatasi ya nailoni. Nailoni huzuia hewa, na nyasi hutoka jasho zikaoza. Gunia la katani au sanduku la mbao lenye matundu ni bora. Mvua ikipigwa na upepo, funika upande wa mvua tu.

Usiweke nyasi pamoja na mbolea ya chumvichumvi, mafuta ya taa, au dawa za kunyunyizia kahawa. Wala zisiwe jikoni karibu na meko, maana cheche moja yatosha kuunguza nyumba.

Panya wazuiwe. Mkojo wa panya huleta magonjwa, na nyasi zilizochafuliwa nao hazifai tena. Usitie sumu ya panya ndani ya nyasi. Tega mtego kando.

Ukinunua robota jipya kabla la zamani halijaisha, maliza kwanza la zamani. Kila wiki tia mkono ndani: ukisikia joto au unyevu, fungua robota mara moja na kulitandaza mahali penye hewa.

Kwa makadirio, sungura mmoja mzima akipewa gramu 150 kwa siku, pamoja na zile anazozitawanya, robota la kilo 12 litamtosha kwa siku 80 hivi. Basi anayenunua robota moja au mawili mwezi wa Februari, barabara zikiwa kavu, huvuka mvua za masika bila shida. Na anayenunua Septemba huvuka mvua za vuli.

KUKAUSHA MWENYEWE

Asiye na fedha ya kununua aweza kukausha nyasi zake mwezi wa Januari na Februari. Zikatwe asubuhi umande ukiisha kukauka, zigeuzwe mara kwa mara kwa siku mbili au tatu, na jioni zikusanywe na kufunikwa. Kisha zishindiliwe katika sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45, na kufungwa kwa kamba. Sanduku hilo likijazwa vizuri hutoa robota la kilo 20 hivi.

Lakini nyasi zisikatwe chini ya mikahawa iliyonyunyiziwa dawa, wala mahali palipotiwa dawa ya kuua magugu, wala kando ya barabara penye vumbi na uchafu.

KULISHA

Nyasi kavu ziwe mbele ya sungura mchana na usiku. Zitiwe katika kitundu kilichoangikwa ukutani mwa kizimba, asizikanyage wala kuzikojolea. Majani mabichi, kama marando ya viazi vitamu, ni kitoweo tu. Yaachwe yanyauke kwanza, yasitolewe na umande. Maji safi yawepo daima, maana alaye vikavu hunywa zaidi.

Sungura akifika nyumbani, muulize aliyekuuzia amezoea kula nini, uendelee na chakula hicho huku ukibadili kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Na kila asubuhi mtoto atazame mavi yake. Yakiwa mengi, ya mviringo na makavu, tumbo lafanya kazi yake. Yakipungua, yakiwa madogo au ya majimaji, aseme siku ile ile kwa wazazi.

Kazi hii ni ya dakika chache tu kila siku, nayo yamfundisha mtoto kuangalia, kunusa na kupanga mambo ya mbele kabla mvua haijanyesha. Akiba ya nyasi kavu ndiyo itakayomvusha sungura wake katika majira ya mvua.