Uchovu Usiokwisha: Dawa ya Tezi, Virutubisho na Saa za Kuvitumia

Uchovu ni dalili. Si jina la ugonjwa. Mkulima wa viazi mviringo wa Kitulo, mahali palipo takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ana sababu nyingi za kuchoka na kuhisi baridi pasipo kuwa mgonjwa. Kati ya Juni na Agosti, hata mwenye afya njema huamka akitetemeka huku sakitu ikiwa imetanda shambani. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye upungufu wa homoni ya tezi anaweza kuishi na maradhi kwa muda mrefu akidhani ni hali ya hewa. Mwingine hununua kopo la virutubisho stendi ya Makambako akiamini amepata tiba. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kutofautisha hali hizo, na jinsi ya kutumia dawa ya tezi na virutubisho bila kimoja kuharibu kazi ya kingine.

Tezi ya shingo na kazi yake

Tezi ya thairoidi ipo sehemu ya mbele ya shingo. Hutengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili katika kutumia chakula, kutunza joto na kuendesha mapigo ya moyo. Homoni hizo zikipungua, mtu huchoka hata baada ya kulala vya kutosha, huhisi baridi kuliko wenzake wa nyumba moja, huongezeka uzito, hupata choo kigumu, na ngozi yake hukauka. Baadhi ya wanawake hupata hedhi nzito. Dalili moja pekee haitoshi kuthibitisha ugonjwa.

Ili kutengeneza homoni hizo, tezi huhitaji madini joto. Maeneo ya milimani, ambako mvua huyasafisha madini hayo kutoka kwenye udongo, huwa na upungufu, na Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa wingi wa wagonjwa wa rovu, yaani goita. Ndiyo maana Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, na katika miaka ya 1990 ikaweka kanuni za kuongeza madini hayo kwenye chumvi. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mjamzito mikrogramu 250. Chumvi yenye madini joto, ikihifadhiwa kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua na unyevu, hukidhi sehemu kubwa ya hitaji hilo.

Jina “madini joto” lisimpotoshe msomaji. Halimaanishi kwamba kila anayehisi baridi ayaongeze. Yakizidi, kwa mfano kupitia vidonge vya mwani wa baharini, yanaweza kuvuruga tezi iliyokuwa ikifanya kazi vizuri.

Pima kabla ya kununua

Uchovu wa muda mrefu unaweza kutokana na upungufu wa damu, malaria, kisukari, VVU, kifua kikuu, ujauzito, sonona au kazi nyingi zisizo na mapumziko. Kopo moja haliwezi kutibu yote hayo. Uchovu ukidumu zaidi ya wiki chache, nenda kituo cha afya. Upungufu wa homoni ya tezi huthibitishwa kwa kipimo cha damu kiitwacho TSH, na kituo kisicho na kipimo hicho kinaweza kukupa rufaa.

Jambo moja huwapita wengi: baiotini, vitamini iliyo kwenye bidhaa nyingi za nywele na kucha, inaweza kupotosha majibu ya vipimo vya tezi. Mweleze mtaalamu kila unachotumia. Kwa kawaida hushauriwa kuacha baiotini angalau siku mbili kabla ya kipimo.

Masharti ya dawa ya tezi

Levothairoksini ni homoni inayojazia pengo la ile ambayo tezi haitengenezi. Hutolewa kwa cheti cha daktari. Vitamini haiwezi kuchukua nafasi yake, wala yenyewe haifai kuongeza nguvu au kupunguza uzito kwa mtu asiye na upungufu. Ikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi hupotea, na baada ya muda mifupa hudhoofika.

Dawa hii hufanya kazi taratibu. Kwa kawaida kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane tangu kuanza au kubadilishiwa dozi, hivyo usikate tamaa ndani ya siku kumi wala usijiongezee vidonge. Usiache dawa unapopata nafuu. Mwanamke anayetumia dawa hii akibeba ujauzito amwone mtaalamu mapema, kwa kuwa mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa.

Kidonge humezwa kwa maji, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Hapa ndipo wengi wa nyanda hizi hukosea. Asubuhi ya baridi huanza na chai ya maziwa, na kidonge humezwa kwa chai hiyohiyo. Chakula, maziwa na kahawa hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia kwenye damu. Mgonjwa hubaki na uchovu, kisha hununua virutubisho vyenye madini chuma au kalisi, ambavyo navyo huizuia dawa vikimezwa pamoja nayo. Hivyo anatumia fedha zaidi na anazidi kuchoka.

Ratiba inayosaidia

Tenganisha levothairoksini na madini chuma, kalisi au dawa za kiungulia kwa angalau saa nne. Mfano wa siku moja ni huu:

• Saa 12 asubuhi: levothairoksini kwa maji matupu.
• Saa 1 asubuhi: chai na kifungua kinywa.
• Saa 7 mchana: madini chuma au kalisi, iwapo mtaalamu amekuandikia.

Wanaotumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegravir nao wazingatie saa. Dawa hiyo humezwa saa mbili kabla ya madini chuma au kalisi, au saa sita baada yake. Anayemeza virutubisho saa 7 mchana na dawa yake saa 3 usiku yupo salama. Usiache dawa kwa ajili ya kirutubisho.

Madini chuma husaidia pale damu ilipopungua kwa kukosa madini hayo, na vitamini B12 husaidia pale ilipopungua, kama inavyoweza kutokea kwa wanaotumia metformini kwa miaka mingi. Asiye na upungufu hatarajiwi kupata nguvu mpya kwa kumeza zaidi.

Unaponunua

Nunua dawa kwenye famasi iliyosajiliwa, si kwa mchuuzi wa ndani ya basi au mnadani. Soma jina la dawa, nguvu yake kwa mikrogramu, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bidhaa inayodai kutibu goita, kisukari na uchovu kwa pamoja itiliwe shaka, kwani bidhaa yoyote inayodai kutibu ugonjwa inapaswa kusajiliwa kama dawa. Dai risiti na uitunze. Hifadhi vidonge ndani ya pakiti yake, mahali pakavu, mbali na jua na moshi wa jiko.

Ukipata madhara unayoyahusisha na dawa, au ukitilia shaka ubora wake, toa taarifa kwenye kituo ulikotibiwa au katika ofisi yetu ya kanda. Njoo na pakiti, hata kama imebaki tupu, kwa kuwa namba ya toleo hutuwezesha kuitafuta dawa hiyo sokoni kabla haijamfikia mwingine.

Uvimbe wa shingo unaokua haraka, kushindwa kumeza, kupumua kwa shida au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo.