Raleigh ya Zamani: Kipi Kirudi, Kipi Kiende kwa Wauza Chuma Chakavu

Mtu akifungua Raleigh ya miaka ya 1950, ile nyeusi yenye breki za fito, kwa kawaida huanza kwa kutenga vyenye kutu na vinavyong'aa. Hapo ndipo anapopotea. Kikombe cha gololi chenye kutu kwa nje kinaweza kuwa mali, na mnyororo unaometameta kwa oili ukawa umekwisha siku nyingi. Cha kuuliza ni mambo mawili: je, kifaa hiki kimelika pale kinaposuguana na kingine? Na je, kikitupwa, kipya kitakaa mahali pake?

Swali la pili linauma zaidi pale ekseli ya pedeli inapopita kwenye fremu. Kiwanda cha Raleigh, huko Nottingham, Uingereza, kilikuwa na vipimo vyake chenyewe. Vikombe vya hapo vina nyuzi za skrubu 26 kwa kila inchi, ilhali baiskeli nyingine nyingi za Kiingereza zina 24. Kwa macho huoni tofauti. Kikombe kipya cha nyuzi 24 kitaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha kitagoma. Fundi mwenye haraka atachomeka bomba kwenye spana apate nguvu zaidi, na hapo fremu nzima imekwenda. Ndiyo maana nasema vikombe vya zamani visiguswe kabla ya kukaguliwa. Cha upande wa mnyororo kinaweza kubaki humohumo ndani ya fremu. Futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mulika tochi, kisha pitisha ncha ya kalamu ya wino polepole pale gololi zinapokimbilia. Ikiteleza bila kukwama, kikombe ni kizima, hata kama unaona mstari uliong'aa. Ikidunda kwenye vishimo, kinatoka. Kumbuka tu kwamba kikombe hicho hufunguka kinyume cha mazoea: unakizungusha kwenda kulia, kama mshale wa saa.

Gololi zenyewe hazina mjadala: zote mpya, za robo inchi, 11 kila upande, na zitoke pakiti moja. Kuchanganya za zamani na mpya ni kujidanganya. Zile mpya huwa kubwa kidogo kuliko zilizolika, kwa hiyo mzigo wote unaangukia hizo chache, nazo zinachimba kikombe ulichohangaika kukiokoa.

Kotapini, ile pini inayoufunga mkono wa pedeli kwenye ekseli, nayo hairudi. Imetengenezwa kwa chuma laini kwa makusudi, ili ilike yenyewe badala ya ekseli. Lakini namna ya kuitoa ndiyo inayoamua kama vikombe vitasalimika. Ukigonga kwa nyundo huku mkono wa pedeli ukining'inia hewani, pigo lote linapita kwenye ekseli na kuzigongesha gololi kwenye njia yake. Simamisha kipande cha bomba zito la chuma sakafuni, mkono wa pedeli ukae juu yake, kotapini ipate tundu la kushukia, ndipo ugonge. Wakati wa kurudisha, pini mbili mpya zipigwe tupa sawasawa na ziingie kwa kuelekeana kinyume. Usipofanya hivyo, pedeli mbili hazitakaa kwenye mstari mmoja, na mwendeshaji atahisi mguu mmoja unawahi.

Mnyororo upimwe kwa rula, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Pingili 24 ni inchi 12 kamili. Zikifika inchi 12 na moja ya nane, tupa. Gia kubwa ya mbele, ile iliyokatwa vichwa vya korongo, usiitupe kwa urahisi. Jino likiwa bado na umbo lake pande zote mbili, itakuzika. Gia ndogo ya nyuma ndiyo hulika mapema, nayo hupatikana.

Upande wa magurudumu, sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati. Tairi ya 28 kwa 1½, ambayo Mzungu mwenye baiskeli kama hii huiagiza kwa posta, kwetu inaning'inia dukani, kwa sababu baiskeli za kutoka India na China zimeendelea na kipimo hicho. Taabu iko kwenye rimu. Breki za fito hubana sehemu ya ndani ya rimu, inayotazama habu, kwa hiyo rimu ya kisasa yenye umbo jingine haifai hata ikiingia. Tena hesabu matundu: za Kiingereza zilikuwa na spoku 32 mbele na 40 nyuma, wakati rimu nyingi za leo zina 36. Habu ya zamani ikiwa nzima, tafuta rimu ya kuifuata.

Ukikuta habu ya nyuma imechongwa Sturmey-Archer AW, soma na tarakimu zilizo karibu na maandishi hayo. Mara nyingi ni mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Aina hii ya gia tatu ilianza 1936 na vipuri vyake vingi huingiliana kwa miongo kadhaa, hivyo habu iliyokufa usiiuze kwa kilo.

Ninapokataa huruma kabisa ni kwenye usukani na uma wa mbele. Uma uliowahi kupinda ukanyooshwa, au usukani wenye ufa mwembamba pale unapobanwa, hauna historia ya kutosha ya kunishawishi. Fikiria gunia la mkaa nyuma na mteremko mbele.

Kwa hiyo ukienda kununua Raleigh ya pili ya kukamulia vipuri, usidanganywe na rangi wala kengele. Zungusha mikono ya pedeli kwanza, sikiliza, kisha uliza bei.